Maisha ya Mzee Mrija, Aliyewinda Wafyonzaji wa Kahawa

Siku ya Jumanne, tarehe 9 Agosti 1994, saa nne asubuhi, kijana mmoja aliingia katika lango la kitalu cha kahawa akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya samadi. Jua lilikuwa kali, lakini alikuwa amevaa koti la mvua la njano ili samadi isimchafulie shati. Hakuwa amefika hata kwenye tuta la kwanza la miche aliposikia sauti ya mwanamume nyuma yake.

"Simama hapo hapo! Usigeuke. Hata kupumua, pumua kidogo."

Kijana alidhani ni nyoka. Alisikia hatua zikimkaribia polepole, kisha akasikia sauti kama ya mtu anayenyonya soda kwa mrija, fyuu, karibu na bega lake la kulia. Halafu fyuu nyingine, kiunoni. Zikafuata nyingine mgongoni, naye akaing'ang'ania baiskeli.

"Tisa," ile sauti ilisema. "Sasa geuka."

Mbele yake alikuwepo mtu mfupi mwenye kofia pana, mdomoni ameshika mrija wa mpira uliounganishwa na kichupa cha kioo. Ndani ya kichupa walikuwa wakirukaruka wadudu wenye ukubwa wa punje ya mchele.

"Umetoka wapi?"

"Bondeni, mzee. Samadi nimeichukua kwenye lile zizi."

"Zizi la kando ya shamba lililokauka?"

"Hilo hilo."

"Na ukapita katikati ya kahawa."

"Nilifuata njia ya mkato, mzee."

"Njia ya mkato! Umebeba abiria tisa, hukumwuliza hata mmoja anashukia wapi. Hujasikia kikulacho ki nguoni mwako? Hawa wanapenda njano kuliko nzi anavyopenda kidonda. Vua hilo koti."

Koti lilitiwa katika mfuko wa plastiki, likafungwa mafundo mawili, likaachwa juani. Kijana hakulipata tena wala hakuthubutu kuliulizia. Wiki iliyofuata aliitwa kuja kufanya kazi, kwa sababu mzee yule aliwaambia wenzake kwamba hajawahi kuona mtu anayeweza kusimama bila kutikisika namna ile. Hakujua kuwa ni woga.

Yule mwenye mrija ndiye tunayemsindikiza leo. Mwenye koti ni mkwewe, ambaye familia imemkabidhi kusoma maneno haya.

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mzee Mrija, alizaliwa tarehe 3 Mei 1947, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mkulima mdogo wa kahawa na mama yake alikuwa mshonaji. Walikaa katika nyumba ya vyumba viwili kando ya barabara ya kiwanda cha kukoboa kahawa, ambapo vumbi la maganda liliingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, mibuni ya baba yake ilianza kudumaa. Majani yaliungua ukingoni kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto, na matunda yakawa madogo kama mbegu za pilipili. Baba yake aliongeza mbolea, akamwagilia, akang'oa, akapanda upya mahali palepale. Ikadumaa tena. Watu waliogopa, na kwa kuwa hawakumwona adui, wakamtafuta. Jirani mmoja mpole, aliyekuwa akiwapa watoto mapera, akasingiziwa kuwa ana jicho baya. Hakuna aliyemgusa, lakini hakuna aliyemsalimia pia, na mwaka haukuisha akahama. Marehemu alisimulia kisa hicho mara chache sana. Kila alipokisimulia alimalizia hivi: "Na mapera yake tulikuwa tumekula."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1955 hadi 1962. Baada ya kufanya vibarua miaka miwili alipata nafasi katika chuo cha kilimo, 1965 na 1966, akahitimu cheti. Mwalimu wake wa wadudu aliwahi kuieleza familia kwamba katika mtihani wa mwisho kulikuwa na maswali matano, na la kwanza lilitaka mchoro wa mdudu yeyote. Marehemu alimchora mfyonzaji wa majani, akaweka kila mwiba wa mguu wa nyuma, na kengele ikalia akiwa bado kwenye mguu wa pili. Alipata alama zote za swali la kwanza na sifuri katika mengine. Mwalimu alimruhusu kurudia mtihani kwa sharti kwamba asiguse penseli ya kuchorea.

Tarehe 12 Januari 1969 aliajiriwa kwenye kitalu kama kibarua wa kumwagilia. Mwaka 1974 akawa mtunza mitego, na kuanzia 1988 mpaka alipostaafu, tarehe 30 Juni 2007, alikuwa msimamizi wa kitalu chote.

Kazi yake wengi waliiona kama mchezo. Alitundika vipande vya plastiki vya njano vilivyopakwa gundi, usawa wa kifua, kila baada ya mibuni ishirini, na kila Jumatatu alivishusha na kuhesabu walionaswa. Wale aliowahitaji wazima aliwafyonza kwa mrija. Katikati ya mrija na kichupa kulikuwa na kitambaa chepesi cha kuzuia mdudu asipite, na siku moja tu alisahau kukiweka. Wenzake walimwuliza mfyonzaji ana ladha gani. "Ya majani," alijibu, "na ya aibu."

Lakini haukuwa mchezo. Mfyonzaji hang'ati tunda wala halitoboi jani. Hutumbukiza mdomo wake ndani ya kijiti, penye mishipa inayopandisha maji, akanywa siku nzima, akitoa nyuma vitone vidogo vidogo, hata ukisimama chini ya tawi lenye wengi utahisi manyunyu shingoni na mbingu ni nyeupe. Ukimtazama, huzunguka upande wa pili wa kijiti, kama mtu anayekukwepa sokoni. Akiwa amekunywa kwenye mti mgonjwa, bakteria hubaki mdomoni mwake, na mti mzima atakaounywa baadaye huachiwa ugonjwa. Bakteria huongezeka ndani ya mishipa mpaka wakaiziba. Mbuni hufa kwa kiu huku mizizi yake imesimama kwenye udongo wenye maji. Dawa hakuna.

Kilichomtisha marehemu hakikuwa mti uliokauka. Alitishwa na mti wa kijani. Alitufundisha kwamba mbuni unaweza kukaa na ugonjwa msimu mmoja, miwili, hata zaidi, umependeza, umechanua, na wakati wote huo kila mfyonzaji anayetua juu yake huondoka na mzigo. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini alipotembea kati ya mistari ya miche mizuri alikuwa kimya, na mikono yake aliiweka nyuma. Mkwewe aliiga kuweka mikono nyuma. Woga wenyewe hakuhitaji kuuiga, alikuwa nao wa kwake.

Mwezi Novemba 1996 ugonjwa ulipatikana katika tuta moja la kitalu. Marehemu aliamuru miche elfu nne ing'olewe na kuchomwa, mingi ikiwa haina hata doa. Wakulima waliokuwa wakiisubiri walikuja langoni.

"Unachoma miche mizima, Mzee Mrija! Una akili?" alipiga kelele mama mmoja.

"Mama, sijui upi ni mzima. Wewe unajua? Ingia unionyeshe."

"Mdudu ni wewe!"

"Basi leo nami nimenaswa," alisema, na akaendelea kubeba miche kwenda motoni. Mkwewe, wakati huo bado kibarua, alikuwa amejificha nyuma ya tangi la maji. Marehemu alimwona. Hakumwita wala hakumtaja kwa mtu.

Mwaka 1972 marehemu alifunga ndoa na mpishi wa shule ya msingi, ambaye leo ni mjane wake. Walijaliwa watoto wanne. Mama anasema kwamba katika miaka hamsini na miwili ya ndoa hakuwahi kuvaa nguo ya njano. Aliwahi kununuliwa kitenge chenye maua ya rangi hiyo na dada yake, na mumewe akakisifu sana, kisha akakitundika uani kimepakwa gundi. Walinuniana siku tatu.

Binti yao wa tatu alikuwa akiosha vichupa katika maabara ya kitalu. Kijana wa samadi alimpenda kwa miaka miwili bila kumwambia mtu, na alipopata ujasiri wa kwenda nyumbani kwao, tarehe 20 Februari 1997, ujasiri ulimwishia mlangoni.

"Karibu. Umekuja na nini?" marehemu aliuliza.

"Nimeleta mitego, mzee."

"Mitego ni Jumatatu. Leo Alhamisi."

Kijana aliweka mikono nyuma.

"Na mikononi huna mitego."

"Sina, mzee."

"Mama watoto!" marehemu aliita kuelekea jikoni. "Njoo umsikilize huyu, mimi naona amekuja kuposa ila mdomo ameusahau nyumbani." Kuanzia siku hiyo alimwita "mwanangu", na mkwewe alimwita "baba".

Baada ya kustaafu, marehemu alipanda mibuni mia tatu nyuma ya nyumba yake, mistari kumi na miwili, kila mmoja akiujua kama mtoto. Miche iliyobaki aliwagawia majirani wa nyumba nne zinazopakana naye. Asubuhi alizunguka na kichupa chake, na hakuna mwaka alioukosa mpaka 2022, kisukari kilipoanza kumchukua macho. Mwaka uliofuata figo nazo zikadhoofika, miguu ikavimba. Akawa anakaa kwenye kiti chenye mito miwili, dirishani, uso ameuelekeza shambani ambako hakukuona tena.

Hapo ndipo mkwewe alipofanywa kuwa macho yake. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alipita katika mistari yote kumi na miwili, akarudi kutoa taarifa.

"Niambie."

"Mstari wa kwanza mzima, baba. Wa pili mzima."

"Usiniimbie. Niambie majani."

Basi akajifunza kumwambia majani: rangi ya ncha, upana, yanavyokaa kijitini. Kwa mtu asiyependa kusema, alisema maneno mengi katika mwaka ule kuliko maisha yake yote ya nyuma.

Tarehe 22 Aprili mwaka huu, katika mstari wa tisa, aliona mbuni ambao majani yake ya juu yalikuwa madogo na yamekusanyika pamoja kama ngumi ya mtoto mchanga. Ukingo wa moja ulikuwa umeungua. Aliligeuza jani, na upande wa pili wa kijiti kitu kidogo kikasogea, kikajificha.

Aliwaza afya ya baba, ambaye daktari alikuwa ameonya asipewe mshtuko. Aliwaza zile nyumba nne. Aliwaza macho ya watu. Aliporudi dirishani na kuulizwa, alisema mstari wa tisa ni mzima.

Alivunja kijiti akakipeleka maabara mwenyewe, bila kumwambia hata mkewe. Kila asubuhi alisema uongo uleule kwa sauti ileile, na kila asubuhi wafyonzaji walikuwa huru. Majibu yalitoka Ijumaa, tarehe 3 Mei, siku ambayo marehemu alitimiza miaka sabini na saba. Bakteria walikuwemo. Mkwewe aliikunja karatasi akaitia mfukoni, akaenda nyumbani kula keki ya wajukuu.

Siku iliyofuata baba aliomba kutolewa nje. Alisema amechoka kusimuliwa. Mkwewe na binti yake walimbeba na kiti chake mpaka shambani, na alipoambiwa achague mahali, akasema mstari wa tisa.

"Kwa nini wa tisa, baba?" binti yake aliuliza.

"Kwa sababu mumeo akifika wa tisa huongea haraka."

Binti alicheka akaenda kuleta chai. Marehemu alinyoosha mkono akaomba apewe tawi, kisha lingine, mpaka likaja lile. Alipitisha kidole gumba juu ya kijiti. Kwenye tawi lenye afya, kutoka kifundo kimoja cha jani mpaka kingine pana nafasi ya vidole viwili au vitatu. Mkwewe alikiona kidole kikipanda: kifundo, kifundo, kifundo, vimebanana kama shanga. Alirudia mara mbili. Kisha akaliachia tawi taratibu, kama mtu anayemlaza mgonjwa.

"Umejua tangu lini?"

"Siku kumi na mbili, baba."

"Na maabara?"

"Jana."

"Wanasema mficha maradhi..."

Mkwewe hakuweza kumalizia methali hiyo. Alikuwa analia.

"Uliogopa nini, mwanangu?"

"Niliogopa utakufa."

"Nitakufa tu. Hawa ndio hawafi." Aligeuza uso upande wa ua wa majirani, ambao hakuuona. "Wameshahama?"

"Sijui, baba. Kwao majani ni ya kijani."

Wale tuliomjua tulikuwa hatujawahi kumwona akiogopa kwa uso. Siku hiyo mkwewe alimwona. Alisema tu kwamba ile miche aliwapa yeye mwenyewe kwa mkono wake, na akaomba arudishwe ndani.

Habari haikufichika. Kabla wiki haijaisha, kisimani na dukani yalisemwa mengi, na mengine yalifika mpaka dirishani pake. "Sasa atatuma watu waje kung'oa yetu," ilisikika sauti ya jirani mmoja akipita njiani. Mwenzake akajibu, "Yake ataiacha, utaona. Moto wa Mzee Mrija huchoma vya wenzake." Wasemaji wasijione vibaya leo. Marehemu aliyasikia na hakuchukia. Alisema watu wanaogopa, na mtu anayeogopa hutafuta wa kumtazama.

Jumanne, tarehe 14 Mei, hali yake ilibadilika, akalazwa katika hospitali ya wilaya, wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na mlango. Madaktari na wauguzi walimhudumia kwa moyo, na familia inawashukuru. Alifariki Ijumaa, tarehe 17 Mei 2024, saa mbili na nusu asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Mkwewe hakuwepo. Wakati huo alikuwa nyuma ya nyumba ya marehemu na jembe, amefika mstari wa tatu. Binti alipokuja kumpa habari alimkuta amesimama shimoni, na kwa kitambo hakuelewa anachoambiwa. Kisha akaendelea kuchimba, maana hakujua afanye nini kingine.

Wengi mliofika msibani mmeuliza kwa nini nyuma ya nyumba hii ni majivu matupu, na kwa nini hatukungoja hata tuzike kwanza. Mmeuliza kwa upole, tunashukuru. Baadhi yenu mmeogopa kuuliza, na mkwewe anawaelewa, kwa kuwa naye anaogopa hata sasa anaposoma. Mibuni yote mia tatu imeng'olewa na kuchomwa. Mibichi iliyokuwa na maua ilichomwa pamoja na mingine.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu tisa, dada mmoja na kaka mmoja, pamoja na wafanyakazi wengi wa kitalu aliowafundisha kutazama upande wa pili wa kijiti. Mwenyezi Mungu ampokee, na udongo alioutumikia umlaze salama.

Familia imeruhusu yaongezwe maneno ya mwisho aliyosema na mkwewe. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 16 Mei, saa kumi jioni, muda wa kuwaona wagonjwa ukielekea kwisha. Mkwewe aliinama kitandani akauliza jambo ambalo lilikuwa limemnyima usingizi tangu lile tawi.

"Baba, majirani nitawaambia nini? Mimi mbele za watu siwezi kusema. Nikifika mlangoni mwao nitasema nimeleta mitego."

Marehemu alicheka kidogo, akakohoa, akapumzika. Muuguzi alikuwa ameshika mlango. Kisha akamvuta mkwewe kwa ukosi wa shati mpaka sikio likafika mdomoni.

"Usiwaambie kitu," alisema. "Anza na yetu. Uchimbe mchana, wakuone."